Wataka Jino Libaki Ndani ya Taya Langu Ili Harusi Isivunjike

(Jina la mwandishi tunalo. Ameomba lisionekane, nasi tumelificha pamoja na majina ya watu wake. Mwenye la kumwambia alilete kwenye ukurasa huu.)

Bwana Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, naishi Changamwe kwa wazazi wangu. Nashona nguo za wanawake kwa cherehani yangu mwenyewe, na nimeposwa na kijana ambaye kwa kweli simkatai. Naandika kwa hasira, mnisamehe, maana nyumbani kila nikifungua mdomo naambiwa ninyamaze.

Miaka miwili iliyopita nilianza kuvimba taya la chini, upande wa kushoto, nyuma karibu na sikio. Halikuniuma. Mama akasema ni matubwitubwi, akanipaka masizi. Matubwitubwi gani ya miaka miwili? Kisha mng'oa meno mmoja wa mtaani akaning'oa jino zima lisilo na kosa lolote, uvimbe ukabaki palepale. Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja aliniuliza mbona natembea na ndimu shavuni. Mwishowe nikawa nikibonyeza, mfupa wabonyea kama ganda la yai. Nikachoka, nikapanda basi na mama mpaka hospitali ya kisiwani.

Daktari wa meno alinipiga picha ya eksirei, akaiinua dirishani tuione. Ndani ya mfupa wa taya limo jino langu la mwisho, limelala ubavu, halikupata kutoka. Akatueleza kwamba ule mfuko mdogo ambao jino hukulia ndani yake umejaa maji, unatanuka na kuula mfupa. "Si saratani," alisema, "lakini ukiuacha, taya litavunjika siku moja ukitafuna tu." Dawa yake ni kupasua, utolewe mfuko pamoja na jino. Mimi nilifurahi, wallahi. Baada ya miaka miwili nimepata mtu anayejua kinachonisumbua.

Mama hakufurahi, alikuwa analia. Njiani ndipo aliponitolea siri: nilipokuwa mchanga niliota meno ya juu kwanza. Wasomaji wa pwani mnajua maana yake. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na wazee husema ana kisirani, huwamaliza watu wa nyumbani kwake. Mama alinificha chumbani, kila mgeni akiambiwa nina homa, mpaka meno ya chini yakatoka. Hakumwambia hata baba. Sasa alipoona jino la chini limejificha mfupani, akaamini kile kisirani hakijaondoka.

Namhurumia mama yangu, lakini alilofanya baada ya hapo sijamsamehe. Aliogopa kwamba akinyamaza, nami nikamletea mume wangu kifo, dhambi itakuwa yake. Basi akavaa buibui akaenda kwa mama wa mchumba wangu, akamwambia yote na kumwomba radhi. Si angenyamaza tu, kama alivyonyamaza miaka ishirini na mbili!

Yule mama hakuvunja posa. Heri angeivunja. Alikuja kwetu, akakaa mkekani, akasema kwa upole: "Mimi huyu mtoto nishampenda, simwati. Lakini jino na likae papo hapo lilipo. Likitoka halitoki peke yake, litatoka na roho ya mtu, na mimi nna mwana mmoja tu."

Baba akakubali bila kuniuliza. Baadaye akaniita, nikaitika, "Abee, baba." Nikamweleza kwamba daktari amesema taya litavunjika. Akanijibu, "Wangapi wana uvimbe na wanaishi? Watu washaalikwa. Ukenda kupasuliwa, usirudi kwangu." Na huyu ndiye kila jioni yuko barazani na wenzake wakibishana habari za uhuru na za Mwambao kujitenga, nani atawale na nani asitawale, sauti zao zasikika mpaka barabarani. Nchi nzima yadai kujitawala, mimi taya langu tu siwezi?

Nikamwomba shangazi amwite mchumba wangu, tuzungumze mbele yake. Ni karani bandarini, amesoma kuliko mimi, nikadhani nimepata wa kunitetea. Nikamuuliza, "Na wewe unaliogopa jino hili?" Akainamisha kichwa.

"Mimi sina neno na jino," akasema. "Nna neno na mamangu."

Kisha akaniomba nivumilie mpaka tupate mtoto wa kwanza, mamake atalainika. Mtoto wa kwanza! Shangazi mwenyewe aliguna. Nilitamani nimtupie kikombe cha kahawa, lakini nilikirudisha kwenye sinia, ndivyo tulivyolelewa.

Daktari amesema kwa umri wangu naweza kutia sahihi mwenyewe. Kitanda nimewekewa Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Harusi ni Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Nikienda, sina mume, wala sina nyumba ya kurudi na kidonda changu. Nisipoenda, nitaolewa, nitapambwa, watanipigia vigelegele, na mimi nitakuwa naogopa kutafuna.

Jana tulikuwa tunakula mihogo, mimi na mama peke yetu. Nikatafuna, taya likalia ndani: ko! Mama alilisikia. Tukatazamana. Akaniondolea sahani, akanitilia uji.

Wasomaji, na hasa nyinyi kina mama wenye mabinti, nishaurini, nifanye nini? Lolote mtakalosema nitalipokea, ila msiniambie nivumilie.