Vumbi la Mwenye Tanuri

Harufu ya salfa haitoki kwa sabuni ya kipande, wala kwa maji ya moto, wala kwa jua. Ilikaa kwenye shati la baba tangu mikorosho ilipoanza kutoa maua hadi korosho za mwanzo zilipodondoka, na mama alipolianua shati hilo kambani alilinusa, akatikisa kichwa, akalikunja hivyo hivyo. Ilikuwa harufu ya kiberiti kilichowashwa karibu na yai lililooza. Alfajiri, kabla umande haujakauka na upepo haujaamka, mashine za kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, zilinguruma mashambani kote kwetu Naipingo, moja huku, nyingine kule. Baba alikuwa mmoja wa wanaume waliozibeba mgongoni. Alielekeza bomba juu, vumbi likapanda hadi kwenye maua, halafu sehemu yake ikashuka na kumrudia yeye. Salfa si nyeupe hasa, ni manjano iliyopauka, lakini ikishakauka juu ya ngozi nyeusi iliyotoka jasho huonekana nyeupe kama chokaa. Baba alirudi nyumbani nyusi nyeupe, masikio meupe na macho mekundu, na mdogo wangu wa mwisho alimkimbia akilia mpaka aoge.

Mikorosho hiyo haikuwa yetu. Baba alikuja Naipingo akiwa kijana kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na tulilima mahindi na ufuta kwenye kipande tulichopewa na jirani. Mikorosho aliyopulizia ilikuwa ya Mwalimu Chilumba, na Mwalimu Chilumba ndiye aliyenifundisha Kiswahili kidato cha tatu. Nasema mapema ili msomaji asinione nimeficha kitu. Mimi mwenyewe wakati ule sikuona ubaya wowote hapo. Mtu mmoja alinipa maarifa na alimpa baba kazi, tena alikuwa fundi wa kusimulia, nilimpenda. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na bado nilikuwa mtoto wa kuamini kila kilichoandikwa ubaoni.

Mwaka huo tulisoma riwaya moja ya zamani, ya giza tupu, iliyotafsiriwa kutoka lugha ya watu wa baridi. Darasa zima lilikuwa na nakala moja isiyo na jalada, na tulisoma kwa zamu kwa sauti huku wengine wakifukuza nzi. Ilisimulia kijiji kilichojengwa chini ya kilima, na juu ya kilima tanuri la kuchomea chokaa, na karibu na tanuri nyumba ya mwenye mali yenye madirisha mengi yasiyofunguliwa. Vumbi jeupe lilishuka kijijini mchana na usiku. Watu walilila kwenye mkate, walilikohoa, walizikwa nalo. Binti mmoja mtumishi, aliyepewa kazi ya kufuta vumbi ndani ya ile nyumba, siku moja aliacha kufuta. Aliandika jina lake kwa kidole juu ya meza ya bwana wake. Bwana alipoliona hakumpiga. Alimpa kitambaa tu, akamwambia, futa. Akafuta. Hapo ndipo sura ile ilipoishia, na mimi nilikaa na kitabu mapajani nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Basi Mwalimu Chilumba akatuandikia ishara ubaoni, na sisi tukanukuu. Tanuri: ishara ya kazi na maendeleo. Madirisha yaliyofungwa: ishara ya siri. Vumbi jeupe: ishara ya amani na matumaini, kwa kuwa nyeupe ni rangi ya usafi. Nilisimamisha kalamu. Nilitazama wenzangu, wote wameinama, wanaandika. Matumaini gani yanayomkohoza mtu mpaka anatapika? Lakini hatukuwa na desturi ya kumuuliza mwalimu swali kama lile, na nilihisi labda ubao unajua jambo ambalo mimi silijui. Wiki hiyo hiyo tulifundishwa maana ya unyonyaji, kwa mifano mizuri kabisa ya wakoloni na mashamba yao ya karanga, na Ijumaa mchana tukabeba mafyekeo na mapanga kwenda kusafisha chini ya mikorosho ya Mwalimu, kazi iliyoitwa elimu ya kujitegemea. Hakuna aliyecheka. Ndilo jambo linaloniudhi zaidi nikikumbuka, kwamba hatukucheka hata kidogo.

Likaja swali la kufanya nyumbani. Eleza ishara katika riwaya uliyosoma na namna zinavyoonesha uonevu. Toa mifano kutoka katika jamii yako. Hilo sharti la mwisho ndilo lililoniponza. Wenzangu walilijua kuwa ni pambo, linawekwa kila swali kama chumvi, na walijibu kama walivyojibu siku zote: mfano, wakati wa ukoloni wazee wetu walilipishwa kodi. Mimi niliamini kwamba mtu akikuomba mfano kutoka kwenye jamii yako anautaka kweli. Nilikaa jikoni kwa mama, daftari juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaandika kurasa nne bila kupumzika. Niliandika kwamba vumbi jeupe si amani, ni uonevu, kwa sababu vumbi humwangukia anayefanya kazi na faida humwangukia mwenye tanuri. Nikaandika kwamba mtu anaweza kumtambua mnyonge kwa kumtazama rangi yake akitoka kazini. Halafu nikatoa mfano. Hata hapa kwetu baba yangu anapulizia mikorosho ya Mwalimu bila kitambaa cha kufunika pua, na macho yake yanatoa maji hadi wakati wa kulala. Nilipomaliza niliona nimeandika kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nilitarajia kusifiwa. Sijawahi tena kuwa mjinga kwa furaha kiasi kile.

Mwalimu alirudisha madaftari siku ya tatu, langu akabaki nalo mkononi. Alilisoma mbele ya darasa kwa sauti yake nzuri ya kusimulia, pole pole, kila nukta mahali pake. Alipofika kwenye mfano akavua miwani, akaifuta.

"Fatu, salfa ina rangi gani?"

"Ya manjano, Mwalimu."

"Na vumbi la kitabuni?"

"Jeupe."

Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, ila macho hayakucheka. Kisha akauliza swali lenyewe alilokuwa nalo tumboni. "Nani amekutuma uandike haya?" Nikasema sijatumwa na mtu. Akauliza tena. Nikajibu vile vile, nikaona hanisikii, ni kama anamtazama mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu, baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa nyumbani anaoga. Alipiga alama ya kosa kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, akanirudishia daftari. Jioni alituma ujumbe kwamba baba asije tena shambani, na kwamba mimi nisiingie kwenye kipindi chake mpaka mzazi afike.

Baba hakusoma zaidi ya darasa la nne, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni; mambo mazito aliyasema kwa Kimakua. Siku ile alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nisije nikadai sikuelewa.

"Umeandika jina langu?"

"Nimeandika 'baba yangu' tu."

"Ni mamoja. Una baba wangapi wewe?" Alisugua macho kwa mgongo wa mkono. "Fatu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Vumbi hilo ndilo linalokununulia daftari la kuandikia hayo maneno yako."

Nilitaka kumjibu kwamba hilo hasa ndilo nililoandika. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na mikononi tayari alikuwa ameshika jogoo. Kwetu mtu akimkosea mkubwa haendi kuomba radhi kwa mdomo mtupu. Anabeba kuku, anamfunga miguu, anatanguliza mzee wa kumsemea, na mkosaji anapiga magoti hadi aambiwe inuka. Ni desturi nzuri, siidharau; nimeiona ikipatanisha ndugu waliokaribia kukatana mapanga. Lakini siku ile nilitembea nyuma ya baba hadi kwa Mwalimu Chilumba nikimtazama yule jogoo akining'inia kichwa chini, nikajiuliza ni kosa lipi hasa tunakwenda kuliomba radhi. La kuandika uongo? Haukuwa uongo. La kuandika kweli? Basi si afadhali waseme?

Nilipiga magoti kwenye kokoto za uani. Baba alinisemea, maana hakuwa na mzee wa kumtanguliza. Alisema mtoto ni mtoto, akili yake bado, vitabu vimemchanganya. Mwalimu alimpokea jogoo, akamkabidhi mkewe, akaniacha pale chini wakati yeye na baba wanazungumza habari za mvua na bei ya dawa ya ukungu. Hakuwa katili. Aliponiinua alinipa hata chai. Akanipa na daftari jipya, akaniambia nijibu swali upya hapo hapo barazani, kwa kufuata nukuu. Niliandika: vumbi jeupe ni ishara ya amani na matumaini. Akaweka vema kubwa la wino mwekundu. Baba, ambaye hakusoma nilichoandika, aliliona lile vema akatabasamu, na kesho yake alfajiri nikasikia mashine yake ikinguruma.

Nilichukia jina la fasihi mwaka mzima, na nilifaulu fasihi kuliko wote. Mambo hayo mawili hayakugombana hata kidogo. Nilijifunza kwamba ishara si kitu unachokiona. Ni kitu unachoambiwa umekiona. Ya kwenye mtihani niliyaandika kwenye mtihani, na ya kwangu nilikaa nayo yakinila, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Ruangwa. Kitabu kile bado kinasomwa, kwa jalada jipya. Baba yupo pale pale Naipingo. Kazi ya mashine ameacha, na sasa haoni, huwatambua watu kwa sauti tu. Sisemi ni salfa. Daktari alisema macho ya mtu huchoka kwa mambo mengi, na mimi si daktari. Vijana wanaopulizia siku hizi, baadhi yao wana barakoa, na wengi huivaa shingoni kwa sababu ya joto. Watoto wana simu, wanasoma nukuu za mtandaoni, na nukuu za mtandaoni zinasema vumbi jeupe ni amani na matumaini. Zimenakiliwa kutoka kwa nani, Mungu ndiye ajuaye.

Muhula huu tulisahihisha mtihani wa majaribio kwa pamoja, walimu wa shule kadhaa katika chumba kimoja, kila mmoja na mwongozo wa kusahihishia mbele yake. Tuliambiwa atakayetoka nje ya mwongozo aeleze sababu kwa maandishi. Katika karatasi za shule yangu nikakutana na ya Rehema, msichana anayekaa dawati la mbele. Swali lilikuwa lile lile, na sharti lile lile la mifano. Aliandika kwamba vumbi jeupe ni uonevu, kama lile la mawe ya dhahabu yanayosagwa machimboni, ambako mama yake anapepeta kwa ajili ya mtu mwingine na kurudi nyumbani kope zimeganda. Nilisoma mara mbili. Nikatazama mwongozo, ulioandika amani na matumaini, nikatazama mwenyekiti wetu anayeangalia saa, nikafikiria ile karatasi ya maelezo na maswali yatakayofuata, hata lile la nani amenituma. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara wangu, hakuna aliyenipeleka kwenye kokoto za mtu. Nikampa sifuri.

Alinifuata ofisini na karatasi yake.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kujua hapa nimekosea wapi."

"Marahaba. Ungefuata nukuu, Rehema."

"Swali limesema mifano ya kwenye jamii yetu."

"Nimeliona. Kwenye mtihani fuata nukuu."

"Sawa, Mwalimu," akasema, akaikunja karatasi mara nne, akaondoka. Nilijua sauti ile. Niliijua kwa sababu ilikuwa yangu.

Jumamosi nilikwenda Naipingo, nikamweleza baba yote, kwa hasira, kama mtu anayemshtaki mtu mwingine. Niliulaumu mwongozo, nikamlaumu mwenyekiti, nikamlaumu hata Mwalimu Chilumba ambaye siku hizi ni mzee anayetembelea fimbo. Baba alisikiliza, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya pale nilipokaa.

"Yeye huyo mtoto aliandika uongo?"

"Hapana."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, baba."

Akamwita mama kwa Kimakua amkamate yule tetea wa madoa kabla hajatoka bandani, amfunge miguu.

"Mpelekee," akaniambia. "Nyumbani kwao, mama yake akiwepo. Usiende mikono mitupu."

Naandika haya Jumapili jioni, chumbani kwangu Ruangwa. Tetea yuko chini ya meza, amefungwa kamba kwenye mguu wa kiti, na amekwisha chafua sakafu. Sijawahi kusikia mwalimu akimpigia magoti mwanafunzi, wala sijui nani atanisemea. Kesho baada ya vipindi nitamuuliza Rehema njia ya kwenda kwao.