Mama Landry na Picha ya Mbali

Geneviève, jirani yangu hapa Kinama, hana simile. Anauza ndagala, dagaa wa kwetu, sokoni, na mteja akizipekua mno humwambia aende ziwani akachague mwenyewe. Alivuka mpaka kutoka Uvira akiwa mjane tayari, na watoto wawili, Sephora na Landry. Hakubeba hata picha moja ya ndugu zake. Ndiyo maana Landry alipopata mchumba, mama yake alitaka kitu kimoja tu: picha ya familia nzima, ukubwa wa dirisha, aitundike sebuleni.

Tatizo lilikuwa shemeji yake, mzee Népomuscène, kaka wa marehemu. Mimi simpendi, na sitajifanya nampenda. Sephora alipoolewa na Rachid, fundi magari Mwislamu, kijana mwenye adabu kuliko nusu ya kwaya yetu, mzee alitangaza kwamba msichana huyo amejitoa katika ukoo. Sasa, harusini kwetu kuna mtu wa kipaza sauti, tunamwita protokole, na yeye ndiye anayeita familia zije mbele kupigwa picha. Asiyeitwa hubaki kitini akitazama fanta yake. Mzee alikuwa amekwisha kumwagiza protokole: Sephora asiitwe.

Siku chache kabla ya harusi tulikuwa uani kwa Geneviève tukichambua mchele. Mzee amekaa kwenye kiti cha mto, Sephora amekuja kutoka Gasenyi kusaidia, na hao wawili hawasalimiani. Landry, ambaye hawezi kustahimili ugomvi, akaleta habari za kwenye simu yake. Kuna chombo cha angani kimeupita mwezi mbali sana, akasema, na mchana huu kitageuza kamera na kuipiga dunia picha, upande wetu ukiwa kwenye jua.

"Kitatupiga na sisi?" Geneviève akauliza.

"Batu bote, mama."

"Basi mi nakaa apa na batoto bangu. Sephora, sogea."

Mzee akainuka, akabeba kiti chake, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Mtu mzima anakimbilia chini ya mabati ili asipigwe picha pamoja na binti wa ndugu yake.

Picha ilifika kwenye simu kesho yake. Dunia yote ilikuwa kitone, kidogo kuliko punje ya ulezi, na kando yake giza tupu. Nilitafuta Kinama, nikatafuta hata ziwa, sikuona kitu. Niliudhika, maana nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Lakini Geneviève aliitazama sana ile picha, kisha akachukua simu ya mwanawe na kwenda nayo Kamenge kwa mzee. Nilimfuata kwa udaku tu.

"Shemeji, ona. Ulifunga mulango, lakini uko mu picha. Na Sephora iko mu picha."

"Iyo ni doa," mzee akasema. "Picha ni ya samedi, ya arusi. Na samedi Sephora hatasimama na sisi."

"Tutaona."

Jumamosi tulikaa chini ya hema refu, wazi upande wa barabara. Protokole akaita familia ya bwana harusi, jina kwa jina, la Sephora halimo. Wajomba wakapanda jukwaani, mashangazi wakapanda, mzee katikati na tai yake nyekundu. Geneviève hakuinuka. Alikuwa meza ya mwisho kabisa, kati ya Sephora na Rachid, amemshika binti yake mkono. Protokole akaita tena. Muziki ukazimwa. Sephora alikuwa akimsukuma mama yake kwa kiwiko aende, machozi yanamlengalenga, na mama haendi. Roho iliniuma kumwona msichana yule.

"Mama Landry, unatutia haya mbele ya bageni," mzee akasema, safari hii yeye mwenyewe kwenye kipaza sauti.

"Haya ni yako, shemeji. Familia yangu iko apa. Kamera ije uku."

Régis, mpiga picha, akamtazama mzee, akamtazama bwana harusi. Landry akamshika mkewe mkono, wakashuka jukwaani, gauni likiburuta vumbi, wakaja kusimama nyuma ya Sephora. Mashangazi wakafuata, kisha wajomba, mmoja mmoja, bila kumtazama mzee. Akabaki kule juu peke yake. Nilifurahi sana. Kwa upande wangu, shughuli ilikuwa imekwisha.

Régis akainua kamera. Geneviève akamzuia kwa kiganja.

"Shemeji yangu haonekani."

"Iko mbali, mama."

"Basi rudi nyuma."

Régis akarudi nyuma, akagonga kreti za fanta.

"Rudi tena."

Tukamsogezea viti apite. Akatoka nje ya hema, akavuka mtaro, akafika barabarani katikati ya pikipiki za taxi-moto, akilalamika kwa sauti kwamba sura zitakuwa ndogo, kwamba hajawahi kupiga harusi namna hii.

"Ameingia?" Geneviève akapaza sauti.

"Ameingia, mama. Lakini amegeuza uso."

"Apana shida. Mupige ivyo ivyo."