Ng'ombe wa Mama

Juzi, nikitoka Lalago, nilipishana na kundi la ng'ombe barabarani. Harufu ya vumbi na maziwa ikanirudisha nyumbani, kwenye alasiri moja ya msimu wa pamba.

Mama alikuwa amegombana na baba, akaenda kwao Ipililo na kitenge alichokuwa amejifunga tu. Pamba aliyoivuna ilijaa ghalani. Nililala juu yake kama juu ya wingu, nikisikiliza kengele za ng'ombe zikija taratibu kutoka mbali.

Nilipochungulia, niliwatambua. Walikuwa ng'ombe wa mahari ya mama, ambao maziwa yao niliyanywa kila tulipokwenda Ipililo kumtembelea babu, baba yake mama. Nikakimbia kuwafungulia lango huku nikipiga vigelegele, kwa maana akilini mwangu ng'ombe wa mama wasingeweza kuja bila mama.

"Bibi, mama yuko nyuma?"

Bibi, mama yake baba, hakuacha kupepeta mtama. "Hawa wamerudishwa, mayu, mjukuu wangu. Wengine wamebaki kule kwa ajili yenu, watoto."

Nilidhani tumepewa zawadi. Leo najua kwamba ndoa ilikuwa imevunjika siku ile, na kwa kuwa wale ng'ombe waliobaki kwa babu walikuwa malipo yetu, sisi watoto tulikuwa wa baba. Mikono iliyovuna ile pamba hakuna aliyeitaja.

Ng'ombe wakaingia, wakalala wakicheua. Bibi akafunga lango. Nilimngoja ageuke, nikalifungua tena kidogo, upana wa kumtosha mama.