Bunduki ya Baba Iliyokatwa Mtutu

Baba alipofariki, mashamba yaligawanywa bila kelele. Bunduki ndiyo iliyonichoma. Ilikuwa bunduki ya marisau, zile risasi ndogondogo, ya kufukuzia nyani kule kwetu Kathiani, na tangu utotoni mimi ndiye niliyeusugua mtutu wake kwa kitambaa chenye mafuta huku baba akitazama. Lakini kwetu Ukambani silaha ya mzee humwendea kifungua mimba. Wazee hawakulijadili hata kidogo. Walimtazama kaka yangu, mambo yakaisha.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mjini Machakos, kwa hiyo niliombwa kusaidia. Niliwaeleza kwamba bunduki hairithiwi kama ng'ombe. Leseni ni ya mtu, na mwenyewe akifa, silaha hupelekwa polisi hadi mwingine aombe leseni yake na kukubaliwa. Nilimjazia kaka fomu zote kwa mwandiko wangu mzuri, nikiombea moyoni akataliwe. Alikubaliwa.

Miaka kadhaa baadaye, Ijumaa moja, akaja ofisini na mfuko wa maembe. Jumatatu alitakiwa kupeleka bunduki kituoni ikaguliwe ili leseni iongezwe muda.

"Nisomee hii barua, mdogo wangu. Kizungu cha serikali kinaniumiza kichwa."

Nikamsomea. Kisha akasema, kama mtu anayetaja mvua, kwamba mtutu uliingia matope, akafyatua hivyo hivyo, ncha ikapasuka. "Nikaipeleka kwa fundi wa mageti. Akakata pale palipoharibika, akakata tena kidogo isiwe na makali. Sasa iko nyepesi, hata inaingia kwa gunia."

"Imebaki ndefu kiasi gani?"

Akanyoosha mkono, akagusa juu kidogo ya kiwiko.

Wewe unayesoma huenda huoni ubaya wowote, na si kosa lako. Mpini wa jembe ukivunjika, unakata, unaendelea kulima. Bunduki ni tofauti. Sheria imeweka kipimo ambacho mtutu wa bunduki kama ile haupaswi kupungua. Ukiwa mrefu, ni chombo cha mkulima. Ukikatwa chini ya kipimo, sheria inaihesabu kuwa silaha ya kufichwa chini ya koti, na kule kukata kwenyewe ni kosa, hata kama ulikuwa unatengeneza tu. Wala leseni haikuokoi, kwa sababu inaeleza bunduki ndefu, na hiyo ndefu haipo tena.

Hayo yote niliyajua pale pale. Nikamwambia, "Sawa, kaka. Uende mapema, kuna foleni."

Akaondoka. Nikamenya embe lake, nikala taratibu, nikimwona akitiwa pingu. Sijivunii. Ninakuambia kwa sababu lilikuwa tamu, lile embe.

Jumapili nilikuwa Kathiani, nimekaa barazani kwa mama, nyani walipoingia kwenye mahindi. Nikasimama. Mama hata hakugeuka. Alikuwa tayari ameshika simu, anampigia kaka, ambaye boma lake liko ng'ambo ya kijito.

"Mama, mimi niko hapa."

"Asi! Na wewe utawafanyia nini, utawaandikia barua?"

Kaka akaja mbio na kile kipande cha bunduki. Akafyatua mara moja hewani, nyani wakatoweka, mama akapiga makofi kama msichana. Nilitamani ardhi immeze kaka.

Ndipo akanigeukia, akanipa bunduki kwa mikono miwili. "Shika. Zile siku zote ulikuwa unaisugua, baba hakukuacha upige hata moja. Niliona. Piga."

Niliitaka tangu nikiwa na miaka minane. Mikono yangu ilikuwa imeshanyooshwa.

"Weka chini, kaka," nikasema. "Kesho watakufunga."

Nikamweleza yote, polepole, mara mbili. Alisikiliza akiwa amechuchumaa. Alipoelewa, hakuuliza kuhusu sheria.

"Ijumaa ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama akaacha kuosha vikombe. Kaka akasimama, akasema tu, "Basi twende pamoja."

Jumatatu tulikwenda na wakili wangu. Yeye ndiye aliyewapigia polisi simu kwanza, na kaka akajieleza mwenyewe kabla ya kuulizwa. Bunduki ilichukuliwa, leseni ikafutwa, akawa anaripoti kituoni kwa majuma mengi hadi walipoamua kumwachilia kwa onyo. Kama angeingia peke yake na gunia lile, sidhani kama ingekuwa hivyo.

Bunduki ya baba haipo tena, si kwake wala kwangu. Ungedhani sasa tumelingana. Lakini nyani wakija, mama bado anampigia yeye. Naye huja mbio na debe na fimbo, akipiga mayowe, mama akicheka, na mimi pale barazani bado ninaona wivu.