Kitako cha Bunduki ya Antipasi

Mdogo wangu Antipasi alikuwa mrefu, kila mlango wa hapa Mitundu aliuinamia. Mkewe Sikudhani akisimama naye, aliishia kwapani. Antipasi alipofariki aliacha shamba linalopakana na pori, na bunduki ya zamani ya kuwindia, aliyowazuilia nguruwe pori. Sikudhani akahangaika na polisi mpaka akapata kibali kwa jina lake.

Ndipo mdogo wetu wa mwisho, Laurian, akaja na lake.

"Shemeji, mahindi yakikomaa hujaweza kuipiga, tuombe ihamie kwangu. Silaha si ya kutundika ukutani."

Wazee wa ukoo wakaafiki. Sikudhani hakubisha, ila alijua kwamba bila bunduki lile shamba ni la nguruwe.

Risasi ya kwanza ilimkalisha chini. Bega likavimba, hata ndoo ya maji hakuweza kujitwika. Wanaume walicheka kwanza, kisha wakamhurumia, wakampigilia kwenye kitako kipande cha katambuga, raba ngumu ya tairi, ati ndiyo mto. Akaumia zaidi. Wakaongeza cha pili. Hakuna aliyeona kwamba kila mto unairefusha bunduki ambayo tayari ilikuwa ndefu kwake. Kidole kilifika kwenye kifyatulio kwa kunyoosha mkono wote, na kitako kikateleza kutoka begani. Akaanza kufumba macho kabla haijalia.

Asubuhi moja alinijia na jembe begani.

"Wifi, mpini wa hili nilimpa nani anikatie?"

"Fabiano seremala."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mrefu, ulikuchoma mbavu."

"Basi na bunduki nataka aikate, ukiniruhusu."

Laurian aliposikia alikuja mbio. "Dada, mkataze! Kile kitako kaka kakishika miaka yote. Kukikata ni kumkata yeye."

Nikasema nitafikiri, na kweli nilifikiri. Nilikumbuka mama yetu alipokufa. Jembe lake nilirithi mimi, nikaukata mpini wiki ileile, na hakuna mtu aliyesema nimemkata mama. Maana jembe ni la kulimia, na anayelima ni mimi. Nikaona sisi tunamwachia mjane kitu, halafu tunataka kibaki na kimo cha marehemu.

"Laurian," nilimwambia, "kaka yako yuko kaburini. Hayumo kwenye mti wa bunduki."

Alinuna, akaenda zake.

Kituo cha polisi walimwambia Sikudhani ashughulikie mti tu, chuma na namba visiguswe. Fabiano akampima: kitako kwenye kikunjo cha kiwiko, kidole kwenye kifyatulio. Akakata upana wa vidole vitatu, akapiga msasa, akabandika soli laini ya ndala, akaivika ngozi ya mbuzi.

Tulikwenda wote kando ya shamba kumtazama. Fabiano aliweka debe bovu juu ya kichuguu. Sikudhani akaikumbatia bunduki begani kama anavyombeba mjukuu, macho wazi. Ikalia. Alirudi nyuma kidogo tu, na debe likaanguka.

"Hebu lete," Laurian akasema.

Sikudhani akatoa risasi zote kwanza, maana kibali si cha Laurian, ndipo akampa. Laurian naye ni mrefu kama kaka yake. Alipoiweka begani kiwiko kikatokeza kama bawa la kuku, kidole gumba kikamgusa pua.

"Jogoo huyo, anataka kuwika!" Fabiano akasema, tukacheka.

Laurian hakucheka. Alijaribu tena, pua ikaguswa tena. Akaishusha.

"Shemeji, hii hainitoshi tena."

"Najua."

"Ulijua tangu ulipotaka ikatwe?"

"Nilijua, shemeji. Msumeno ukishakata hakuna kurudi nyuma. Ndiyo maana nilimwomba wifi kwanza."

Alisimama akiitazama pale ngozi ilipokutana na mti, sijui aliwaza nini. Kisha akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Nguruwe wakiingia shambani kwangu, utakuja?"

"Tuma mtu tu," Sikudhani akasema. "Ila usiku nakesha shambani. Mchana nalala, asinigongee."