Maji Mekundu ya Birika la Wanawake

Wahida alipofumua makuti juu ya birika la wanawake la kutawadhia, msikitini Quionga, alidhani anafanya la maana. Makuti yalikuwa yameoza, yanadondosha mende majini, na yeye, mgeni aliyekimbia vita Quiterajo, hakutaka aonekane mtu wa kula na kulala. Akayang'oa yote, akangoja mapya. Mapya hayakuja; wakwezi wa minazi kwa ahadi hawajambo. Jua likapiga. Maji yale ya ukijani, ambayo miaka yote hakuna aliyeyajali, yakapungua, yakageuka mekundu kama damu ya kuku.

Maneno yakaanza hata adhuhuri haijaadhiniwa. Nani hushika ndoo pale? Wahida. Katoka wapi? Kwenye vita. Katia nini? Hapo kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wahida akaogopa, akaogopa hasa. Kule kwao alikimbia watu asiowajua. Hapa angefukuzwa na wanaomwita kwa jina.

Shehe Latifo, imamu, si mtu wa pupa. "Mwanangu, mimi sikutuhumu," akamwambia. "Lakini Ijumaa watu wakinijia, niwaambie nini?"

Mariamo, mwenyeji wake, akampeleka kwa Célia, mwalimu wa sayansi. Célia akaenda birikani, akachovya kidole, akacheka.

"Calma, mamã, tulia. Huu ni ukijani uleule. Ni vimea vidogo, jicho halivioni. Jua likivizidi vinajitengenezea rangi nyekundu ya kujikinga, kama nyinyi mnavyojipaka musiro usoni mkienda shamba. Vitie maji mapya, viweke kivulini. Vitarudi kijani."

"Visiporudi?"

"Vitarudi. Ila lini, não sei, sijui."

Wahida akachota maji mekundu kwenye bakuli, akaongeza ya kisima, akaliweka chumbani, mbali na dirisha. Kila akichungulia, wekundu. Alimchukia Célia kwa kile kicheko chake. Rangi ilipoanza kufifia, alidhani macho yanamdanganya kwa tamaa.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa kijani. Si sana, lakini kijani. Akalibeba bakuli kwa mikono miwili mpaka msikitini, mbele ya waliomsema.

Shehe Latifo akalitazama mpaka akaridhika. "Kumbe ni ukoga wetu wenyewe umejipamba! Wahida, lisugue birika. Na nyinyi wenye midomo, makuti yaje leo."

Wahida akarudi mbio nyumbani kumpasha Mariamo habari. Mlangoni akakuta nguo zake zote zimefungwa ndani ya kanga, na juu yake mhogo wa kuchoma, chakula cha njiani. Mariamo alikuwa ameketi kando, macho chini.

"Niliogopa watakuja hapa," akasema. "Mhogo nimekuchagulia ule mzuri."

Wahida hakujua akasirike au ashukuru. Machozi yakamtoka. Akaketi, akaumega mhogo, nusu akampa Mariamo.