Kiungulia cha Okailey na Ulimi wa Mama Mkwe

Okailey hakuwahi kutuuzia pilipili ambayo hakuionja mbele yetu. Kila asubuhi pale njia panda ya Teshie, matonge ya kenkey, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, yakishapangwa sufuriani na samaki wa kukaanga wakishafunikwa, alichota tone la pilipili aliyoisaga mwenyewe, akalitia kiganjani, akalamba na kufumba macho. Akiguna, tulinunua. Asipoguna, aliongeza kitunguu au chumvi, nasi tukaendelea kusimama kwa adabu kama watu wanaomngoja kasisi atafute miwani yake. Ng'ambo ya barabara Lamiley aliuza kenkey laini zaidi na samaki wakubwa zaidi, na kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza nzi. Hakuwa na mguno.

Kisha Okailey akashika mimba, ya kwanza, na mambo yakaenda vizuri mpaka tumbo lilipoanza kumtangulia barabarani. Hapo kiungulia kikaingia. Kilianzia chini ya kifua kikapanda hadi kooni, na akilala ndipo kilipochachamaa. Mumewe Sowah, fundi wa matairi, alitutangazia kwamba siku hizi analala na mlinzi, maana mkewe hukesha ameketi akiutazama mlango. Okailey alijitibu kwa udongo mweupe wa sokoni, akiutafuna kama biskuti.

Aliyefurahi ni mama mkwe wake, Awo Adjorkor. Katika ukoo wa Sowah watoto huzaliwa na vichwa vitupu visivyo na unywele, na wanaume wengi hawaoni sababu ya kubadilisha hali hiyo baadaye. Awo alizaa watano, wote wakiwa wang'avu kama vikombe, wala hakuungua hata siku moja. Sasa moto umeingia nyumbani, na kila mwanamke wa Teshie anajua moto wa kifuani ni nywele za mtoto zinaota.

"Ungua, mwanangu," alimwambia Okailey kwa upole wa mtu anayemkaribisha mgeni chakula. "Usizizime. Tumezingoja sana."

Mkunga wa kliniki hakuonekana kuzingoja. Alieleza kwamba mimba hulegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula, na mtoto naye anasukuma kutoka chini, kwa hiyo uchachu unapanda. Nywele zitakuja au hazitakuja, hilo ni shauri lao. Ale kidogo kidogo mara nyingi, asilale mara tu baada ya kula, ainue kichwani pa kitanda, aache vya kukaanga, na pilipili aipumzishe kwa kuwa ndiyo inayomchokoza. Udongo auache kabisa, unamnyima damu. Moto usipotulia arudi apewe dawa inayofaa, asinunue za kwenye sinia za wachuuzi. Na akiumwa sana kichwa, au macho yakaona ukungu, au maumivu yakamkaza chini ya mbavu, asingoje siku ya miadi, aje papo hapo.

Okailey alikubali yote isipokuwa pilipili. Alimweleza mkunga kwamba hiyo si chakula, ni kazi. Mkunga akasema tumbo halijui tofauti.

Lilithibitisha hilo upesi. Asubuhi moja alilamba, akafumba macho, na mahali pa mguno ikatoka mbweu ndefu, kisha akakaa juu ya beseni lililofunikwa huku jasho likimtiririka. Ataa Bortei, fundi wa majeneza, ambaye hununua matonge mawili kila siku, aliuliza kwa heshima kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana.

Kuanzia hapo Okailey akachanganya kwa macho. Siku ya kwanza pilipili ilikuwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima. Iliyofuata ilikuwa tulivu kabisa. Mtu mmoja akasema imebatizwa. Ataa Bortei aliitafuna kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu.

"Mama, pilipili hii ikiniua, itakuwa kwa usingizi."

Tulicheka, halafu tukaanza kuvuka barabara, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Sowah mwenyewe alikutwa kwa Lamiley mdomo umejaa, akadai anafanya upelelezi. Okailey hakucheka. Aliwajua wateja: wakishazoea meza nyingine hata majuma machache, hata jina lako wanaanza kulisahau. Na meza yake ndiyo iliyotegemewa kumlisha mtoto.

Alimwita Awo nyuma ya meza akamtaka alambe yeye. Awo akakataa, akisema ulimi wake ni wa nyumbani, na tena, Okailey akiacha kulamba, nywele zitakauka zikiwa changa.

"Basi zitafute wewe, Awo," alisema Okailey. "Mimi nimeungua zangu zimetosha."

Awo alilamba, labda kwa hasira. Akatia tangawizi, akalamba tena, akaguna mguno mzito kama wa ng'ombe anayeinuka. Watu waliokuwa ng'ambo waligeuza shingo. Kufikia mwisho wa juma tulikuwa tumerudi karibu wote, tukijifanya hatukuwahi kuondoka.

Tatizo ni kwamba Awo hakuonja kwa tone. Kwa ajili ya haki, alionja kwa tonge zima la kenkey na kipande cha samaki, kisha akaenda kujilaza. Haukupita muda tukamwona amejishika kifua, akimeza mate kwa makini.

"Awo, mwezi wa ngapi?" aliuliza Ataa Bortei.

"Kamtengenezee maiti nyumba," alijibu Awo.

Habari za nywele hazikusikika tena. Awo alianza kuonja tone tu, akakataa vya kukaanga, na Sowah akatueleza kwamba mama yake ameomba matofali mawili ya kuinulia kitanda, kwa sababu ya mgongo. Wanawake hao wawili wakawa wanakula uji kwa vikombe vidogo saa zilezile, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenzake.

Lakini Okailey aliona jambo lingine: tulipokuwa tunangoja, hatukumtazama yeye tena. Tulimtazama Awo, aliyekwisha kuhamia kwenye kiti cha mbele.

"Nikijifungua, narudi kwenye kiti changu," alimwambia.

"Ukijifungua utakuwa na mtu wa kukulilia usiku kucha. Utaonja nini na usingizi huo?"

"Pilipili ni yangu, Awo."

"Na ulimi ni wangu."

Okailey alitazama foleni. Ilikuwa imefika hadi kwenye mtaro wa Lamiley. Akachukua upawa, ambao Awo alikuwa bado hajauomba, akaanza kutuhudumia, huku akimwambia mama mkwe wake aongeze chumvi kidogo, aone.